Swali Nililolizima

Oktoba ya mwaka 2011 mimi nilivipigia debe vita. Hakuna aliyenituma wala aliyenilipa. Sikuwa mwanasiasa wala askari. Nilikuwa mwalimu wa historia, na kazi hiyo nilikuwa nimeifanya muda wa kutosha hapa Kilifi hata vijana wengi wa Takaungu wakawa wamepitia mikononi mwangu. Kwa sababu hiyo neno langu mtaani lilisikizwa kuliko lilivyostahili. Nililitumia kuwashawishi watu wangu kwamba serikali ina kila haki ya kupeleka jeshi Somalia, na kwamba anayehoji ana lake jambo. La kwanza ni kosa la rai, na rai hukosewa na wengi. La pili ni dhulma, na nilimfanyia mtu aliyenizidi umri na kunizidi ujuzi wa jambo lenyewe.

Ningekuwa mwalimu wa hesabu, pengine ningekuwa na pa kujishikia. Lakini nilifundisha historia, tena niliifundisha katika mji ambao wenyewe ulikuwa chanzo cha vita. Anayeshuka leo kutoka barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi, akaifuata njia mpaka ufukweni mwa mto wa Takaungu, anakuta mji mdogo wenye misikiti, makaburi ya kale na mashua chache zimetia nanga. Hatadhani kwamba dola kubwa ilipata kuleta manowari na askari kwa ajili ya mji huu. Ilileta. Wamazrui walihamia hapa baada ya Sayyid Said kuwavunja nguvu Mombasa mwaka 1837. Februari 1895 akafariki Salim bin Khamis, liwali wa Takaungu, na likazuka suala la nani amrithi. Mubarak bin Rashid alidai kiti kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo. Kampuni ya Waingereza, iliyokuwa ikiitawala pwani hii kwa jina la Sultani wa Zanzibar, ilimtaka Rashid bin Salim, mtoto wa marehemu, kwa kuwa ndiye iliyemwamini.

Suala la mirathi ya kiti lingeweza kubaki kwa wazee na wanazuoni. Halikubaki. Kampuni ilimkalisha mtu wake kwa nguvu ya askari, Mubarak akaingia bara na wafuasi wake, vita vikashuka mpaka kusini kwa Mmazrui mwingine, Mbaruk bin Rashid wa Gazi. Agosti mwaka ule ule mabaharia wa Admirali Rawson wakaiteka ngome ya Mwele. Askari wakaletwa kutoka India. Aprili 1896 Mbaruk akavuka mpaka kwenda kujisalimisha kwa Wajerumani, na ndio ukawa mwisho wa nguvu za Wamazrui. Katikati ya vumbi hilo, tarehe 1 Julai 1895, serikali ya Uingereza ilikuwa imekwisha kuichukua nchi kutoka kwa Kampuni na kuitangaza kuwa himaya yake. Wabunge wa London walipoletewa barua za Arthur Hardinge, kamishna wa himaya hiyo, na wenzake, walielezwa kwamba uliozimwa ni uasi dhidi ya mamlaka halali ya Sultani.

Somo hili nililipenda. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wachore mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Kushoto waandike sababu iliyotangazwa, kulia waandike kilichopatikana vita vilipokwisha. Nikawasisitizia kwamba upande wa kushoto si lazima uwe uongo. Kweli Mubarak alikataa amri, kweli kulikuwa na watu wenye silaha porini. Ila mtu akisoma kushoto peke yake hawezi kujua kwa nini ugomvi wa ndugu wawili juu ya kiti cha liwali uliishia na nchi nzima kuwa ya mtu mwingine. Mwaka baada ya mwaka niliyasahihisha madaftari hayo kwa kalamu nyekundu, na Oktoba 2011 ilipofika sikukumbuka kuchora mstari wangu mwenyewe.

Nieleze hali ilivyokuwa, maana anayesoma leo anaweza kudhani tulikuwa wajinga tu. Tarehe 11 Septemba 2011 majambazi walifika kwa mashua Kiwayu, juu ya Lamu, wakamuua mgeni Mwingereza na kumchukua mkewe. Tarehe 1 Oktoba wakaja Manda, wakambeba mama wa Kifaransa aliyekuwa mlemavu na mgonjwa, mtu aliyejenga na kuishi na watu pale. Tarehe 13 Oktoba wanawake wawili Wahispania, wafanyakazi wa Madaktari Wasio na Mipaka, wakatekwa katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Uingereza na Ufaransa zikawaonya raia wao wasikaribie pwani ya kaskazini. Lamu ni mbali na Takaungu, lakini hofu haipimwi kwa kilomita. Vijana wetu ni wapishi, wahudumu, walinzi na manahodha wa mahoteli ya Kilifi, Watamu na Malindi. Wauzaji wa pweza na kamba walianza kurudishwa na mzigo wao. Wengine waliambiwa wakae nyumbani mpaka wapigiwe simu, na simu haikuja. Yule mama wa Manda alifia mikononi mwa watekaji, na habari hiyo ilituuma kama ya mtu wa hapa.

Jumamosi tarehe 15 Oktoba mawaziri wawili, George Saitoti wa usalama wa ndani na Yusuf Haji wa ulinzi, wakasimama mbele ya waandishi wa habari Nairobi. Wakasema Kenya imeshambuliwa, wakawataja Al-Shabaab, wanamgambo wa Somalia, wakataja Kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinachoipa nchi haki ya kujilinda, wakasema adui atafuatwa huko huko anakokimbilia. Kesho yake jeshi likavuka. Oparesheni ikaitwa Linda Nchi.

Hapa kwetu, baada ya sala ya alasiri, watu hukaa barazani hadi karibu na magharibi. Muuza kahawa hupita na dele lake akigonganisha vikombe, na mwenye gazeti hulisoma kwa wote. Wiki ile msomaji nilikuwa mimi. Nilisoma habari za Linda Nchi kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, na kila nilipomaliza aya nilitia maelezo yangu. Nilikifafanua Kifungu cha 51 kama wakili. Niliwaambia haya ni mambo ya wiki chache, kwamba jeshi letu ni la kisasa, kwamba wageni watarudi kabla ya Krismasi. Hilo la Krismasi hakuna waziri aliyelisema. Nililitunga mwenyewe kwa sababu nilitaka liwe kweli.

Palikuwa na mzee mmoja Mbajuni. Alikuja Takaungu akiwa kijana, miaka ya sitini, wakati wa vita vya Shifta, pamoja na wengi waliohama vijiji vya upande wa Kiunga wakatawanyika Lamu, Malindi na Mombasa. Alikuwa mvuvi wa madema, mtu wa maneno machache. Aliniacha nikamaliza, akashusha kikombe, akauliza: "Mwalimu, wamesema watarudi lini?"

Nikamjibu, "Wakimaliza kazi."

"Na kazi yenyewe ni ipi? Kuwarudisha wale waliotekwa, au kuikalia Kismayu?"

Sikuwa na jibu. Gazetini halikuwamo, wala mimi sikuwa nimelifikiria. Ningesema sijui, mambo yangeisha hapo. Nikanyamaza, naye akaendelea, bila ukali wowote: "Kwetu askari walikuja pia kutulinda. Shifta walibaki msituni. Tuliohama ni sisi."

Nikamwambia, mbele ya watu wote, "Mzee wangu, maneno kama haya ndiyo Al-Shabaab wanayotaka kuyasikia."

Kijana mmoja nyuma yangu akadakia kwamba mzee ana jamaa zake huko Kismayu, ndio maana. Ni kweli Wabajuni wana ndugu pande zote mbili za mpaka. Visiwani mwao walikuwepo kabla ya mpaka wenyewe kuchorwa. Nililisikia neno la yule kijana, na alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Neno langu moja lingemnyamazisha. Sikulisema. Mzee akanitazama, akasema, "Haya, Mwalimu. Mimi siulizi tena." Akamlipa muuza kahawa, akaondoka. Baada ya siku hiyo tuliendelea kuonana msikitini na kupeana salamu kama kawaida, lakini barazani hakukaa tena nilipokuwepo. Nami nilijiambia kwamba nimeshinda hoja.

Nimejiuliza sana kwa nini nilimjibu vile. Hofu ilikuwepo, na mifuko ya ndugu zangu ilikuwa imeguswa, lakini hayo hayatoshi. Kulikuwa na jambo jingine ambalo huwa gumu kulisema. Mwaka ule mtu wa Pwani, hasa Mwislamu, alitazamwa kwa jicho la pembeni. Kuta za miji yetu zilikuwa zimeandikwa kwamba Pwani si Kenya. Kila ndugu wa bara uliyekutana naye alitaka kujua uko upande gani. Nilikuwa nimechoka kuulizwa bila kuulizwa. Serikali ilipotoa wito wa kulinda nchi, niliona mlango umefunguka. Hapa ningeweza kuonyesha kwamba mimi ni Mkenya kamili, tena kwa sauti, na hakuna njia nyepesi ya kuonyesha hivyo kuliko kumwelekezea kidole mwenye shaka. Ile shuku iliyokuwa juu yangu nilimtwika mzee mwenye shuku nyingi zaidi juu yake. Naamini serikali zinaujua udhaifu huu wa raia zake wa pembezoni. Waziri hahitaji kuwashawishi watu wa Takaungu mmoja mmoja. Akikwisha kuigawa nchi kati ya walio nasi na walio na adui, mtaani hapakosi mtu kama mimi wa kuimalizia kazi.

Sasa niseme ambayo ningeweza kuyajua siku zile zile. Januari 2010, kule Addis Ababa, waziri wetu wa mambo ya nje Moses Wetang'ula alikutana na Johnnie Carson wa Marekani akiomba kuungwa mkono kwa mpango wa Kenya wa kuandaa nguvu za kuwaondoa Al-Shabaab katika Jubaland, kusini mwa Somalia, na Carson akaonyesha mashaka. Taarifa za kikao hicho zilifichuka na kuchapishwa Desemba 2010. Yaani mpango wa Jubaland ulikuwepo, na ulikuwa umejulikana, kabla hajatekwa mtu yeyote Kiwayu. Kisha Oktoba 2011 haijaisha, msemaji wa serikali Alfred Mutua akawaambia waandishi wa nje kwamba oparesheni ilikuwa imepangwa kwa muda, na utekaji ulikuwa kianzio tu. Wakati huo huo Rais wa Somalia, Sharif Sheikh Ahmed, akatamka hadharani kwamba hakubaliani na jeshi la Kenya kuwa ndani ya nchi yake, na ikabidi viongozi wa nchi mbili wakutane upya kupatanisha kauli.

Habari hiyo ya Rais wa Somalia ilikuwa gazetini. Niliiona. Jioni hiyo barazani nilisoma kurasa nyingine, hiyo nikairuka. Sina udhuru wa kutojua.

Al-Shabaab wenyewe walikana kuwateka wale wageni. Neno lao si la kuaminiwa peke yake, lakini yule mama wa Kiingereza alipoachiwa Machi 2012 baada ya familia yake kulipa fidia, ilidhihirika kwamba waliokuwa wamemshika ni maharamia waliotaka pesa. Hakukombolewa na oparesheni. Wale Wahispania walitoka Julai 2013. Na hapa kwetu, kijana mmoja wa Lamu alihukumiwa kifo mwaka 2013 kwa kushiriki uvamizi wa Kiwayu. Akakaa gerezani miaka, mpaka mwaka 2023 Mahakama Kuu ilipomwachia huru. Nilipoisoma hukumu ya kwanza nilisema haki imetendeka, na hata ushahidi wenyewe sikuutafuta.

Januari 2012 ikaja ile picha. Msemaji wa jeshi, Meja Emmanuel Chirchir, alituma mtandaoni picha za mtu akiuawa kwa kupigwa mawe, kama mfano wa yale Al-Shabaab wanayowafanyia hata Wakenya waliojiunga nao. Zilifika hapa kwenye simu ya kijana mmoja, simu ndogo yenye kioo kilichopasuka kona, ikapita mkono kwa mkono. Ilipofika kwangu niliiinua juu, nikasema, "Tazameni, hawa ndio tunaopigana nao." Haikupita muda waandishi wakabaini kwamba picha zile zilipigwa mwaka 2009, katika tukio jingine kabisa. Ukatili wa Al-Shabaab ulikuwa wa kweli na haukuhitaji kuongezewa chochote. Hata hivyo uliongezewa, nami nikawa mmoja wa waliousambaza. Marekebisho sikuyapeleka barazani kama nilivyoipeleka picha.

Kismayu ilipotekwa mwishoni mwa Septemba 2012 nilifurahi waziwazi darasani. Baraza la Usalama lilikuwa limekwisha kupiga marufuku makaa ya Somalia mwezi Februari, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa yakiwalisha Al-Shabaab. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wakaja kuripoti kwamba baada ya Kismayu kuingia mikononi mwa Wakenya na wenzao wanamgambo wa Ras Kamboni, biashara ya makaa bandarini iliendelea. Serikali yetu ikakanusha. Halafu yakaja ya nyumbani. Westgate, Septemba 2013, watu 67. Mpeketoni na vijiji vyake, Juni 2014, zaidi ya 60. Al-Shabaab wakadai ni wao, Rais Uhuru Kenyatta akasema ni mitandao ya kisiasa ya hapa hapa. Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148, wengi wao watoto wa umri wa wanafunzi wangu. Waliowaua ni Al-Shabaab, na damu hiyo iko shingoni mwao, si shingoni mwa mwingine. Lakini mimi niliwaahidi watu kwamba jeshi likivuka mpaka, adui atakaa mbali nasi. Na wageni? Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake juu ya Mombasa na ufuo wake, kuanzia mto wa Mtwapa mpaka Tiwi, na ndege zikaja kuwachukua watalii kabla ya siku zao.

Kwa miaka hiyo yote bado nilikuwa na majibu. Kilichoyamaliza ni mama mmoja wa Kigiriama kutoka bara kidogo ya Takaungu, Januari 2016. Mwanawe alikuwa mwanafunzi wangu, kijana mwenye mwandiko mzuri, na alipotaka kujiunga na jeshi ni mimi niliyemwandikia barua ya kumpendekeza. Ilikuwa siku chache baada ya kambi ya jeshi letu huko El Adde, Somalia, kuvamiwa na Al-Shabaab, tarehe 15. Mama alifungua fundo kwenye ncha ya leso, akatoa simu, akanipa. Namba ya mwanawe ilikuwa imepigwa mara nyingi hata orodha nzima ya simu ilikuwa jina hilo moja. "Mwalimu," akaniambia, "wewe unasoma magazeti. Nitafutie jina lake."

Nilitafuta. Palikuwa na hotuba, palikuwa na rambirambi, palikuwa na ahadi kwamba mashujaa hawatasahauliwa. Majina hayakuwepo, wala idadi. Waziri alisema hesabu bado, msemaji akasema familia zitaarifiwa. Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia ndiye aliyekuja kutaja, kwenye televisheni, askari kati ya 180 na 200. Serikali yetu ikakana idadi hiyo na haikutoa yake. Nilikaa na yule mama mbele ya nyumba yangu, nikimsomea kurasa ambazo hazikuwa na alichokuja kukitafuta. Serikali ile ile iliyokuwa na maneno mengi ya kutueleza kwa nini askari waende, ilikuwa haina la kumwambia mama kuhusu askari aliyekwenda.

Kijana alikuwa kambi nyingine. Alipiga simu baada ya siku kadhaa, na mama akaja mpaka shuleni kunieleza. Nilimshukuru Mungu pamoja naye. Baadaye nililifikiria jina la kijana mwingine, wa mama mwingine, ambaye mwalimu wake aliandika barua kama yangu.

Usiku ule ndipo nilipochora mstari. Kushoto niliandika: kuwafuata watekaji, kuulinda mpaka, kuwarudisha watalii. Kulia nikaandika niliyoyajua, nikaona ukurasa wa kulia umejaa mambo ambayo upande wa kushoto haukuyataja hata kwa neno moja: Jubaland yenye serikali rafiki, Kismayu, nafasi ya Kenya ndani ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, na makaburi. Sisemi kwamba Kenya haikuwa na adui. Alikuwepo, na yupo. Wala sisemi kila vita vina hila. Idi Amin alipoivamia Kagera Oktoba 1978, sababu ya Tanzania ilionekana kwa macho: nchi imekaliwa, watu wameuawa, daraja limevunjwa. Nyerere alipolihutubia taifa mapema Novemba hakuhitaji kuazima kisa. Hata hivyo vita vile vilivyoanza kwa kumtoa mvamizi Kagera viliishia Kampala Aprili 1979, na askari wa Tanzania wakabaki Uganda baada ya hapo. Ikiwa vita vyenye sababu safi kiasi kile navyo huhama kutoka lengo moja kwenda jingine, basi anayeuliza "mpaka wapi, na mpaka lini" hamsaidii adui. Anamsaidia askari.

Na swali hilo lina mwenyewe kisheria. Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010, niliyoipigia kura na kuifundisha, inasema katika Ibara ya 132 kwamba Rais anatangaza vita kwa idhini ya Bunge, na Ibara ya 95 inalipa Bunge la Taifa kazi hiyo ya kuidhinisha. Katiba haikuwa na miezi kumi na tano. Jeshi lilivuka Jumapili, siku moja baada ya mawaziri kuzungumza na waandishi, bila Bunge kupiga kura. Tuliambiwa havikuwa vita vya kutangazwa, bali ufuatiliaji. Suala la kujiunga na AMISOM lilipofika kwa wabunge, askari walikuwa wameshavuka zamani, na mbunge gani angesimama kukataa huku vijana wako uwanjani? Mzee yule Mbajuni, ambaye hakupata kukaa darasa la sekondari, aliuliza swali ambalo Bunge la nchi lilipaswa kuliuliza kabla yake.

Kumwambia mwenye swali kwamba yuko na adui ni jambo lililonitoka mdomoni kwa dakika moja. Baadaye nililiona likifanywa na serikali kwa muhuri. Siku chache baada ya msiba wa Garissa, Aprili 2015, mashirika mawili ya haki za binadamu ya hapa Pwani, Muhuri na Haki Africa, yalitiwa kwenye orodha ya wanaoshukiwa kuhusika na ugaidi, na akaunti zao za benki zikafungwa. Kazi yao mojawapo ilikuwa kukusanya majina ya vijana wetu waliochukuliwa wasirudi. Mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Mombasa ikaona hapakuwa na ushahidi wa kuyahusisha na ugaidi. Niliposoma hukumu hiyo sikuona tofauti kati ya waliotunga orodha ile na mimi, ila wao walikuwa na gazeti rasmi na mimi nilikuwa na baraza.

Dini yetu inafundisha kwamba haki ya Mungu huombewa toba kwake, lakini haki ya mja haisameheki mpaka mwenyewe akusamehe. Mzee alifariki kabla sijajipa ujasiri wa kumwendea. Nilikwenda kwa watoto wake, nikawaeleza nilichomfanyia baba yao na walichokisikia watu. Walinisamehe, kwa upole ulionitesa kuliko kama wangenifukuza. Pia nilikwenda barazani, siku yenye watu, nikasema mbele yao kwamba mzee alikuwa na haki ya kuuliza, kwamba mimi ndiye niliyekuwa sina jibu, na kwamba neno lililosemwa juu ya jamaa zake lilikuwa la aibu na nililinyamazia. Wengine walikuwa hata hawakumbuki. Yule kijana aliyedakia alikumbuka.

Kwa walimu wenzangu wa Pwani nina ombi. Mwaka 2011 sasa ni historia, na watoto tunaowafundisha hawakuwa wamezaliwa, au walikuwa wachanga. Tuwafundishe Linda Nchi kama tunavyowafundisha vita vya Wamazrui: tarehe, kauli za mawaziri, kauli ya Mutua, Kifungu cha 51, Ibara ya 95, Kismayu, El Adde, yote. Tuwaache waulize, na tukiwa hatujui tuseme hatujui.

Ile idadi ya waliokufa El Adde serikali haijaitangazia nchi. AMISOM iligeuka ATMIS mwaka 2022, na ATMIS ikapangiwa kuondoka Somalia mwisho wa mwaka 2024. Januari 2025 mahali pake pakachukuliwa na ujumbe mwingine, AUSSOM, na wanajeshi wa Kenya wamo.